Makala yako uipeleke wapi: jarida la vijana, jarida la wabobezi au hifadhi ya chuo?

Kila mwaka, mwezi wa tano na wa sita, maduka ya kuchapa na kujalidi pale Wandegeya, jirani na Chuo Kikuu cha Makerere hapa Kampala, hujaa wanafunzi wa mwaka wa mwisho, flashi mkononi na usingizi machoni. Ripoti ya utafiti inachapwa, inatiwa jalada gumu, inapelekwa idarani, inapewa alama. Kisha inalala kabatini. Wapo wachache ambao roho haiwaruhusu kuiacha ilale. Wamekaa na wavuvi Ggaba, au wamehoji wauza mitumba wa soko la Owino, wakakuta jambo ambalo hawakuwahi kulisoma popote, na sasa wanataka wengine walisome. Hapo ndipo wanapokwama: niipeleke wapi?

Nimeulizwa swali hilo mara nyingi, na kila mara naona uchungu kumjibu mtu kwa sentensi moja, kwa sababu jibu linategemea anachotaka. Nimekuwa mwandishi na nimekuwa mhariri. Nikiwa chuoni hapa Kampala nilihariri jarida la wanafunzi kwa miaka mitatu. Makala yangu mwenyewe ya kwanza niliipeleka kwenye jarida la wabobezi. Niliyoyaona pande zote mbili ndiyo ninayoyaweka hapa.

Njia ninazolinganisha ni tatu. Ya kwanza ni jarida linaloongozwa na vijana, yaani wahariri wake ni wanafunzi au wahitimu wapya. Ya pili ni jarida la kitaaluma lililokomaa, kama African Health Sciences linalotoka Makerere tangu 2001, au mamia ya majarida yaliyokusanywa kwenye African Journals Online kule Afrika Kusini. Ya tatu ni kuiweka kazi hadharani bila jarida lolote: kwenye hifadhi ya kidijitali ya chuo chako, au kwenye hifadhi za wazi kama Zenodo na AfricArXiv, ambako mtu huweka rasimu ya awali kabla haijahakikiwa na wataalamu wa fani.

Vipimo

Nitazipima njia hizi kwa mambo haya: nani ataisoma makala kabla haijatoka na atakusaidia nini, itachukua muda gani, itakugharimu kiasi gani, itadumu na kuonekana kwa muda gani, itakuwa na uzito gani mbele ya wanaotoa nafasi za masomo na kazi, na kama unaweza kuandika kwa Kiswahili. Si lazima vyote viwe na uzito sawa kwako. Chagua viwili ambavyo kweli vinakugusa, kisha soma ukivishika hivyo.

Lakini kabla ya vipimo kuna jambo ambalo wengi hulijua wakiwa wameshachelewa. Makala ikishachapishwa katika jarida, liwe la vijana au la wabobezi, huwezi kuichapisha tena kwenye jarida jingine kana kwamba ni mpya. Mlango umefungwa. Nimeona kijana aliyekuwa na data nzuri sana, ya misimu miwili ya mvua, akaipeleka yote kwenye toleo la kwanza la jarida la rafiki zake kwa sababu walikuwa na haraka ya kujaza kurasa. Baada ya mwaka msimamizi wake akaisoma, akashika kichwa. Jarida la wabobezi lingeipokea ile data, lakini sasa ilikuwa imeshatoka.

Hifadhi ya chuo haifungi mlango kwa namna hiyo. Majarida mengi hukubali makala iliyotokana na tasnifu iliyo kwenye hifadhi, na mengi hukubali pia iliyowahi kuwekwa kama rasimu ya awali, mradi useme wazi. Si yote, kwa hiyo soma masharti ya jarida unalolilenga kabla ya kubonyeza kitufe cha kupakia.

Na usipeleke makala moja kwenye majarida mawili kwa wakati mmoja ukitumaini atakayejibu mapema. Mshika mawili moja humponyoka, na hapa yanaweza kukuponyoka yote mawili, maana wahariri wakigundua hukataa pande zote.

Nani ataisoma kabla haijatoka

Hapa ndipo tofauti ilipo kubwa, na kwangu mimi hiki ndicho kipimo cha kwanza kwa mtu ambaye hajawahi kuandika makala.

Mhakiki wa jarida la vijana mara nyingi ni mwanafunzi wa uzamili au mhadhiri kijana. Hajabobea, lakini anakumbuka alivyoteseka na makala yake ya kwanza, hivyo anakaa na ya kwako. Tulipokuwa tukihariri, makala ya kurasa kumi na mbili ilirudi kwa mwandishi na maoni ya kurasa tano. Tulimwonyesha kwamba ikisiri yake, yaani muhtasari wa mwanzo, inaeleza mada bila kutaja matokeo. Tulimwonyesha kwamba ameandika sura nzima ya historia ya Uganda kabla ya kufika kwenye swali lake la utafiti, kwa sababu ripoti ya chuo inamruhusu kurasa sitini na makala haimruhusu. Kubana ripoti ya kurasa sitini iwe makala ya maneno elfu nne ni ufundi wa peke yake, na hakuna anayeufundisha darasani. Jarida zuri la vijana hufundisha hilo.

Hatari yake ni kwamba kosa la kina linaweza kupita. Wahakiki wawili wasiojua takwimu vizuri wataipitisha jedwali yenye hesabu mbovu, na jina linalobaki pale ni lako.

Jarida la wabobezi hufanya kazi kwa namna nyingine. Kwanza mhariri husoma peke yake, na makala nyingi huishia hapo, zikirudishwa kwa barua fupi bila kupelekwa kwa mhakiki yeyote. Zinazopita huenda kwa watu wawili au watatu wa fani hiyohiyo, kwa kawaida bila majina kutajwa. Wanachoandika kinaweza kuuma. Utafiti wangu ulihusu wauza mitumba wa Owino waliokuwa wakitafuta wateja kwa WhatsApp, na jinsi ushuru wa mitandao ya kijamii wa shilingi 200 kwa siku, ulioanza Julai 2018, ulivyowabana. Mhakiki mmoja aliniandikia kwamba nimewachanganya walioacha kutumia mitandao na waliokwepa ushuru kwa VPN, yaani programu inayoficha mtumiaji yuko wapi, na kwamba hadi niwatenganishe hoja yangu haina miguu. Nilikasirika siku nne. Siku ya tano nilirudi kwenye madaftari yangu ya mahojiano nikakuta yuko sahihi. Hakuna rafiki yangu ambaye angeliona lile.

Kwenye hifadhi, hakuna anayeisoma upya. Tasnifu imeshasomwa na msimamizi na watahini, basi. Rasimu ya awali, pale inapokaguliwa, hukaguliwa kidogo tu: kama ni kazi ya kitaaluma kweli, kama haijaibiwa. Kama makala yako ina kasoro, itakaa na kasoro zake hadharani.

Muda

Jarida la vijana: wiki kadhaa hadi miezi minne, kutegemea kama wahariri wako kwenye mitihani. Uliza toleo lijalo linatoka lini na lililopita lilitoka lini kweli, si lilipangwa kutoka lini.

Jarida la wabobezi: miezi sita ni bahati, mwaka ni kawaida, na zaidi ya hapo hutokea. Ile makala yangu ya ushuru niliipeleka mwanzoni mwa 2020. Maoni ya wahakiki yalikuja baada ya miezi kumi na minne, nikasahihisha, ikarudi tena kwa wahakiki. Wakati inatoka, ushuru wenyewe ulikuwa umeondolewa, maana Julai 2021 serikali iliweka kodi ya asilimia 12 kwenye bando za intaneti badala yake. Ilinibidi niandike utangulizi upya, kila "inatozwa" iwe "ilitozwa". Makala ilikuwa bora kuliko ile niliyoituma, hilo sina shaka nalo, ila wale ambao ingewasaidia kubishana na ushuru walikuwa hawana tena cha kubishana nacho.

Hifadhi ya wazi ni suala la siku. Ukipakia leo Zenodo, leo una DOI, yaani namba ya kudumu ambayo mtu anaweza kuinukuu. Hifadhi ya chuo huchelewa zaidi kwa sababu hupitia maktaba.

Gharama

Jarida la vijana kwa kawaida halitozi kitu, na likitoza mwanafunzi kiasi kikubwa jiulize fedha zinakwenda wapi, maana programu ambayo majarida mengi hutumia, Open Journal Systems, ni ya bure. Gharama halisi ni seva na jina la tovuti.

Majarida ya wabobezi yametofautiana sana. Yapo yasiyotoza mwandishi wala msomaji. Yapo ya Afrika yanayotoza ada ya uchapishaji baada ya makala kukubaliwa. Na yapo ya kimataifa ambayo ada yake ni dola elfu moja, elfu mbili na zaidi, ambayo hakuna mwanafunzi wa hapa anayeweza kuiota. Wengi huishia kusoma hiyo namba na kufunga ukurasa, na hapo wanakosea. Uganda imo katika kundi la kwanza la nchi za Research4Life, mpango unaozifungulia nchi zenye kipato kidogo majarida ya kitaaluma, na wachapishaji wengi wakubwa hutumia orodha hiyo kuwasamehe waandishi ada yote. Muhimu ni kuomba msamaha huo wakati wa kuwasilisha. Ukingoja hadi makala ikubaliwe ndipo uombe, baadhi yao hawasikilizi.

Hapa niseme neno juu ya matapeli. Mwanafunzi wa mwaka wa pili akipata barua pepe inayomwita "Profesa mheshimiwa" na kumwahidi kuchapisha ndani ya siku tatu kwa dola themanini, huo si mwaliko. ISSN iliyoandikwa juu ya ukurasa haithibitishi ubora. Ni namba ya utambulisho wa jarida tu, kama namba ya gari. DOI nayo haimaanishi kwamba kuna aliyehakiki. Tazama kama majina ya wahariri yana vyuo na anwani, kama jarida limo kwenye Directory of Open Access Journals, orodha ya majarida ya wazi yaliyochujwa, na soma makala mbili za toleo lililopita. Kama makala hizo zina makosa ambayo hata wewe umeyaona, ondoka. Jambo hili linayahusu majarida yote, yakiwemo yanayojiita ya vijana.

Kudumu na kuonekana

Siwezi kuupita upesi udhaifu huu wa majarida ya vijana, kwa sababu niliuona kwa macho. Kulikuwa na jarida moja la wanafunzi ambalo tovuti yake ililipiwa na mhariri mkuu kwa simu yake mwenyewe kila mwaka. Alihitimu, akapata kazi mbali, mwaka uliofuata hakuna aliyelipa. Makala zote za matoleo mawili zikapotea kwenye intaneti. Waandishi walibaki na PDF kwenye simu zao, na mmoja wao alikuwa ameshaandika anwani ya makala hiyo kwenye maombi ya uzamili. Aliyeibofya alikuta ukurasa mtupu.

Hilo haliko kwenye damu ya vijana. Rajat Neogy alikuwa na miaka ishirini na kitu alipoanzisha jarida la Transition hapahapa Kampala mwaka 1961. Kule Marekani, Harvard Law Review imehaririwa na wanafunzi tangu 1887, na majaji hulinukuu. Makerere Law Journal nalo huendeshwa na wanafunzi wa sheria. Majarida ya namna hii hudumu kwa sababu yana makabidhiano: yuko anayejua nywila, ipo bajeti, upo mlezi kitivoni.

Kwa hiyo muulize mhariri, bila kuona haya, maswali matatu. Tovuti inalipiwa na nani? Ninyi mkihitimu anabaki nani? Je, makala zinahifadhiwa mahali pengine, kwa mfano kwenye mtandao wa hifadhi wa PKP, wale waliotengeneza Open Journal Systems, ambao ni bure kwa majarida yanayotumia Open Journal Systems na yenye ISSN? Mhariri makini atafurahi kuulizwa. Na ukishachapishwa, weka nakala kwenye hifadhi ya wazi kama leseni inaruhusu. Leseni ya Creative Commons ya CC BY, inayodai tu mwandishi atajwe, inaruhusu.

Majarida ya wabobezi mara nyingi yako salama zaidi, na watu huyakuta wanapotafuta. African Health Sciences, kwa mfano, husomeka bure kupitia maktaba ya kidijitali ya PubMed Central. Lakini yapo pia majarida makongwe yaliyofungiwa nyuma ya malipo, ambayo mwalimu wa Soroti au afisa kilimo wa Kabale hataweza kuyafungua. Kudumu si sawa na kusomwa.

Hifadhi ya chuo inadumu kadiri chuo kinavyodumu, ila makala ndani yake ni kama mtungi kwenye ghala kubwa: anayejua anachotafuta atauona. Kichwa kizuri na ikisiri iliyo wazi husaidia kuliko unavyodhani. Na popote utakapokwenda, jisajilie ORCID, namba ya tarakimu kumi na sita inayokutofautisha na wenye jina kama lako. Ni bure. Kwa nchi ambayo Nakato, Opio na Mugisha wako kila darasa, usiidharau.

Uzito mbele ya wanaoamua

Kwa mtu anayewania uzamivu au kupanda cheo chuoni, jarida la vijana halihesabiki au linahesabika kidogo. Huo ndio ukweli. Kwa mtu anayeomba nafasi ya uzamili au kazi ya msaidizi wa utafiti, mambo yako tofauti: anayesoma maombi yako anataka kujua kama unaweza kuanza jambo ukalimaliza, kupokea masahihisho, kuandika sentensi iliyonyooka. Makala iliyopita kwenye jarida la vijana lenye uhakiki wa kweli inaonyesha hayo. Iandike kwa uaminifu kwenye wasifu wako, ikitajwa kwa jina la jarida, bila kulivisha joho lisilo lake.

Rasimu kwenye hifadhi inaonyesha kwamba kazi ipo, basi. Faida yake ni kwamba anayetaka kuisoma anaweza kuisoma leo.

Jambo jingine la uzito ni majina. Jarida la wabobezi mara nyingi utaliingia pamoja na msimamizi wako, na hapo huzuka manung'uniko ya nani atangulie. Kamati ya kimataifa ya wahariri wa majarida ya tiba, ICMJE, inataka mambo manne kwa mpigo ili mtu aitwe mwandishi: awe amechangia kwa uzito katika utafiti, ameshiriki kuandika au kusahihisha, ameidhinisha nakala ya mwisho, na yuko tayari kuwajibika kwayo. Nenda kwa msimamizi mapema, kwa adabu: "Mwalimu, ningependa tukubaliane mpangilio wa majina kabla sijaanza kuandika." Ukingoja mwisho, neno hilohilo linageuka ugomvi. Kwenye majarida ya vijana ugomvi wa namna hii huwa kati ya marafiki: watano walifanya mradi, wawili wakaandika. Dawa ni ileile.

Lugha

Katiba yetu iliporekebishwa mwaka 2005 Kiswahili kikawa lugha rasmi ya pili, na tangu mtaala mpya wa 2020 ni somo la lazima kidato cha kwanza na cha pili. Hata hivyo, karibu utafiti wote vyuoni unaandikwa kwa Kiingereza. Unahoji wakimbizi wa Kongo kambini Nakivale kwa Kiswahili, au wafanyabiashara wa Mutukula mpakani, kisha unatafsiri kila walichosema, na utamu wote unabaki kwenye kinasa sauti.

Ukitaka kuandika kwa Kiswahili, yapo majarida ya wabobezi: Kiswahili na Mulika ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na Swahili Forum la Leipzig, Ujerumani, linalosomeka bure. Lakini hayo ni ya lugha, fasihi na utamaduni. Ukiwa na makala ya udongo wa Mbale au malaria ya Arua kwa Kiswahili, majarida makubwa hayana nafasi yako. Hapo jarida la vijana lina nguvu ambayo wakubwa hawana: wahariri wake wanaweza kukaa kikao wiki hii na kuamua kupokea makala ya Kiswahili yenye ikisiri ya Kiingereza. Waombe. Hifadhi ya wazi kama Zenodo nayo haikuulizi lugha. Na kama makala yako ya Kiingereza imetoka kwa leseni ya CC BY, unaruhusiwa kuitafsiri na kuiweka hadharani, ukitaja ilikotoka.

Kibali, kwa njia zote tatu

Utafiti unaohusu watu hapa Uganda unatakiwa upitiwe na kamati ya maadili iliyotambuliwa na Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia, UNCST, kabla hujauliza swali la kwanza. Kibali hakitolewi kwa kurudi nyuma. Jarida la wabobezi litakudai namba yake. Jarida la vijana lisilouliza kabisa habari ya kibali linanitia wasiwasi, hata kama linakurahisishia. Kama waliojibu wako chini ya miaka 18, kwa kawaida unahitaji ridhaa ya mzazi au mlezi na kukubali kwa mtoto mwenyewe. Na tangu Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya 2019, kuweka kwenye hifadhi jedwali lenye majina na namba za simu za watu bila ridhaa yao ni kosa.

Kwa hali yako

Uko kidato cha tano au cha sita, una mradi mzuri wa shule. Jarida la vijana linakufaa, mwalimu akiwa mlezi na mzazi akijua jina lako litakuwa hadharani. Majarida ya wabobezi yatakuvunja moyo bila sababu.

Umemaliza shahada ya kwanza, waliojibu ni arobaini, msimamizi hana muda nawe. Jarida la vijana lenye uhakiki wa kweli, baada ya kuuliza yale maswali matatu. Utatoka ukijua kuandika.

Una data nzito, kibali unacho, na msimamizi yuko tayari kukaa nawe. Usiimalize kwenye jarida dogo. Nenda kwa wabobezi, na wakati unangoja, andikia jarida la vijana kitu kingine kabisa, kwa mfano mapitio ya maandishi yaliyopo juu ya mada yako, au ulivyofanya kazi nyanjani. Usikate matokeo yaleyale vipande vipande ili upate makala tatu; wahariri hulitambua hilo.

Mada yako ina tarehe ya kuharibika: sheria inajadiliwa bungeni, ugonjwa umezuka, ushuru umewekwa. Weka rasimu ya awali sasa, kisha ipeleke kwenye jarida linaloruhusu hivyo. Laiti ningalifanya hivyo 2020.

Ulikusanya data bila kibali kwa kutojua. Usiichapishe popote. Andika mapitio ya tafiti za wengine, na utafiti ujao anzia kwenye kamati.

Una miezi miwili kabla ya mwisho wa maombi ya uzamili. Hakuna jarida la kweli unaloweza kulitegemea kwa muda huo. Weka ripoti yako, iliyosafishwa, kwenye hifadhi, uandike kwenye maombi kwamba ni rasimu ambayo haijahakikiwa.

Na kama unachotaka zaidi ni kwamba waliokujibu maswali wajue walichokufundisha, hakuna njia kati ya hizi inayotosha peke yake. Makala yangu ilipotoka, niliandika kurasa mbili za Kiswahili kwa herufi kubwa, nikachapa nakala thelathini Nasser Road, nikazipeleka Owino. Mama mmoja muuza mashuka alisoma yote akiwa amesimama, akaniambia kwamba jedwali la pili lina kosa: yeye na wenzake wa mstari ule hawakuacha WhatsApp, walikuwa wakichanga shilingi 200 kwa simu moja na kuitumia kwa zamu. Hilo sikuwahi kuwauliza.